Mawe ya Msingi ya Uwanja wa Pembeni

Nchi yetu ina jina, ila kulitaja bila kibali ni kulichakaza, kwa hiyo nitasema tu "nchi yetu" na nyinyi mtaniwia radhi. Ni nchi nzuri. Ina amani, ina utulivu, na ina wageni rasmi wengi kuliko wenyeji. Kwetu hakuna jambo linaloanza mpaka mgeni rasmi alianzishe. Kisima cha mtaa wa jirani kilitoa maji miaka na miaka kabla ya kuzinduliwa, na watu waliokuwa wakiyachota walifahamishwa kwamba kiserikali bado wana kiu. Wakaelewa. Sisi ni watu wa kuelewa.

Mimi ni Katibu wa Risala wa mtaa wa Pembeni. Jina langu ni Mzee Kingu, lakini watu huniita Katibu, nami sikatai. Kazi yangu ni kuandika yale maneno ambayo mgeni rasmi husomewa huku akinywa maji ya chupa. Nimeandika risala ya zahanati ambayo haikujengwa, risala ya daraja ambalo mto wake ulihama kwa kuchoka kungoja, na moja ya choo cha shule iliyomtoa machozi mkuu wa wilaya. Sisemi haya kwa majigambo. Nataka tu mjue kwamba anayewasimulia ana taaluma yake.

Pembeni kuna machimbo. Wanaume hupasua miamba, na wasichana walioishia darasa la saba huketi chini ya vibanda vya magunia wakiponda kokoto kwa nyundo. Mjukuu wangu Siwema alikuwa mmoja wao. Alifaulu vizuri, lakini mama yake alikwenda mjini kutafuta kazi akapata mume, na mafao yangu ya kustaafu bado yanamsubiri mgeni rasmi wa kuyazindua. Basi mtoto akashika nyundo.

Ndipo akarudi Sikudhani. Huyu mama aliichezea timu ya taifa ya wanawake zamani, kabla magoti hayajamgomea. Alipowaona wasichana wale wameinama juani na vumbi limewajaa kwenye kope, hakutoa hotuba hata moja, jambo lililonipa mashaka kidogo kuhusu malezi yake. Aliwaambia tu, "Mkimaliza kuponda, njooni tucheze." Hivyo ndivyo kilivyoanza chama cha hisani cha Tucheze Jioni.

Uwanja wao ulikuwa kipande cha ardhi nyekundu kati ya machimbo na shule. Haukuwa na nyasi, lakini haukuwa na jiwe pia, maana wasichana waliyaokota yote kwa mikono, wakatembea wamejipanga mstari huku wameinama mpaka ardhi ikawa laini. Mtaa nao ulijitokeza. Mama Nyamizi, muuza supu, aliwatengea sufuria yao kila Ijumaa. Fundi Mashaka aliwashonea soksi kwa mabaki ya mapazia, ndiyo maana mguu mmoja ulikuwa na maua na mwingine una jogoo. Vijana wa machimbo walisimamisha magoli ya miti. Kutoa ni moyo, si utajiri, na kwa muda fulani nilidhani hiyo inatosha.

Kisha likatangazwa Kombe la Hisani kwa vyama vyote vya mitaani nchi nzima. Wasichana wa timu itakayotwaa kombe watasomeshwa sekondari ya bweni mpaka wamalize. Siwema aliposikia, aliingia ndani akavitoa vitabu vyake chini ya kitanda, akavifuta vumbi.

"Babu, tukishinda nitasoma bayolojia."

"Mkishinda utasoma hata risala zangu," nikamwambia.

Akacheka. Siku hizo alikuwa anacheka.

* * *

Tatizo lilikuwa moja. Kombe lilipokea vyama vilivyozinduliwa tu, nacho Tucheze Jioni hakikuwa kimezinduliwa. Nilimweleza kwa upole Sikudhani, ambaye sasa mtaa mzima ulimwita Kocha.

"Kocha, mwanangu, huu mpira mnaoucheza kiserikali haupo."

"Mbona magoti yananiuma kweli, Katibu?"

"Hayo ni maumivu binafsi. Tumwalike mheshimiwa diwani. Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Diwani alikuja jioni. Tulikuwa tumemngoja tangu asubuhi, wasichana wamesimama juani wakiimba wimbo wa kumshukuru kwa kuwahi. Nilisoma risala yangu. Alisikiliza, akafuta jasho, akasimama.

"Ndugu wananchi! Serikali yenu sikivu imesikia! Hapa, narudia, hapa, patajengwa uwanja wa kisasa! Wenye paa! Wenye viti! Wenye sehemu ya mgeni rasmi iliyo na feni!"

Tulipiga makofi mpaka viganja vikawaka. Jiwe la msingi likashushwa kutoka kwenye gari, zuri, la zege, lina kibao cha marumaru chenye jina la diwani kwa herufi za dhahabu. Mpiga picha akazunguka, akasema mwanga mzuri uko katikati ya uwanja. Kocha akasogea.

"Samahani, mheshimiwa. Hapo ndipo mpira unapoanzia."

"Hasa!" diwani akasema. "Na maendeleo nayo yaanzie hapo hapo!"

Jiwe likawekwa katikati. Wasichana wakalizunguka kwa muda, wakaligusa, wakalizoea. Jiwe moja si kitu.

Ila mkuu wa wilaya alipata habari kwamba diwani ameweka jiwe, na hakulala. Akaja na la kwake, kubwa zaidi, kwa sababu wilaya ni kubwa kuliko kata. Mkuu wa mkoa akaja na lililohitaji lori. Mwenyekiti wa chama tawala akaleta mawili, moja kwa cheo na jingine kwa jina. Naibu Waziri akaweka lake hatua chache mbele ya goli la kaskazini, refu kuliko mlinda mlango wetu. Waziri akaja. Mke wa Waziri akaja kuweka la wake wa mawaziri. Mvua zilipokwisha, wapita njia waliokuwa hawajui walivua kofia wakifika uwanjani, wakauliza nani amefariki.

Nami niliandika risala zote hizo. Ulikuwa mwaka wenye kazi nyingi.

* * *

Kocha akaniomba nimsindikize Idara ya Mawe ya Msingi. Ni jengo la ghorofa, la pekee mkoani lililokamilika. Mkurugenzi, bwana mmoja mpole aitwaye Mwombeki, alitukaribisha chai.

"Tumekuja kuuliza ujenzi unaanza lini," Kocha akasema.

Mwombeki akashangaa kwa dhati. "Ujenzi gani, mama?"

"Wa uwanja. Mawe ya msingi yameshajaa."

"Ahaa. Mama, jiwe lina jina la kiongozi. Tukijenga juu yake, jina litafunikwa. Unataka tumfunike Waziri kwa saruji?"

"Basi yaondoeni. Watoto wacheze kama zamani."

Mkurugenzi aliinuka akafunga dirisha, kisha akakaa na kushusha sauti. "Kuondoa jiwe la kiongozi ni kumwondoa kiongozi. Hilo neno lina jela yake. Mimi sijalisikia, na Katibu hapa hajalisikia."

Nilithibitisha kwamba sijalisikia.

"Kwa hiyo hamjengi, na hamyaondoi," Kocha akasema. "Mnafanya nini?"

"Tunaunga mkono, mama. Hiyo ndiyo sera. Serikali haijawahi kuunga mkono chama cha vijana kama inavyokiunga chenu. Wenzenu huko wanalilia hata kajiwe kamoja." Akamimina chai. "Na kwa kuwa umeonyesha wasiwasi juu ya usalama wa mawe, tutawaletea mgambo."

Mgambo akaletwa, na pamoja naye bango la masharti. Mpira ukigusa jiwe, mchezo unasimama. Aliyeupiga anakwenda mbele ya jiwe, anainama, anaomba radhi akitaja cheo kwa ukamilifu. Ukigusa jiwe la ngazi ya taifa, hilo ni suala la kituoni.

Sasa nifike pale nisipopenda kufika. Jioni moja Siwema alimpiga chenga beki, akaachia shuti kali lililokuwa linaingia. Likamgonga Naibu Waziri. Namaanisha jiwe lake, ingawa kituoni waliandika vinginevyo. Shtaka lilisomeka kwamba mtuhumiwa, kwa makusudi na kwa mguu wa kulia, alimpiga kiongozi usoni.

Nilikwenda kuomba. Nina maneno mengi ya kuomba, ndiyo kazi yangu, na niliyatumia yote. Wakamwachia kwa sharti kwamba kila jioni alioshe jiwe lile kwa sabuni, mbele ya wenzake, mpaka Naibu Waziri amsamehe. Naibu Waziri alikuwa safarini nje, na huko aliko safari ikaongezwa. Kwa hiyo mtoto akaosha. Mwanzoni aliosha akilia. Baadaye hakulia tena, akasugua tu, na mgambo amesimama nyuma yake akimwonyesha alipopasahau. Sikupenda kuona vile. Nayaandika haya wazi: sikupenda, na usiku nilishindwa kumtazama.

Msamaha ulipofika, Siwema alikuwa mtu mwingine uwanjani. Akifika karibu na lile jiwe, hata kama anatazama pengine, kiuno kilijigeuza chenyewe. Wenzake nao vivyo hivyo, kila mmoja na jiwe lake la kuogopa. Walipita kati ya mawe yale upesi, bila kuyagusa, na bila kuyatazama.

* * *

Mashindano yakaanza, na Pembeni ikaanza kushinda. Kamati iliamua mechi zetu zote zichezwe kwetu, kwa heshima ya uwanja wenye mawe mengi kuliko wowote nchini. Wageni walijikwaa kwa mkuu wa mkoa, wakaomba radhi. Walijigonga kwa Waziri, wakapelekwa kituoni, timu ikabaki na watu pungufu. Wasichana wetu waliteleza kati ya mawe na kufunga. Mtaa ukalipuka kwa shangwe. Mama Nyamizi akaongeza nyama kwenye supu.

Kocha peke yake hakushangilia. Alinifuata barazani.

"Katibu, hawa hawachezi mpira. Wanacheza na mawe. Fainali ni Uwanja Mkuu wa Taifa, na kule hakuna hata moja."

Ni kweli. Uwanja Mkuu ulijengwa na wafadhili kutoka nje, na wao, kwa ushamba wao, waliumaliza kabla hatujawahi kuweka jiwe la msingi.

"Hilo si jambo jema?" nikauliza.

"Jana niliwapeleka barabarani alfajiri, barabara tupu, nikawaambia wakimbie. Unajua walikimbiaje? Wanapinda, Katibu. Siwema alipinda mara tatu na mbele yake hakuna hata kuku." Akayasugua magoti yake. "Waziri anakuja wiki ijayo. Nakuomba. Andika kwenye risala kwamba mawe yaondolewe, angalau yale ya mbele ya magoli. Wapate siku chache tu."

"Kocha, risala haina neno kama hilo."

"Lina ugumu gani? Andika 'tunaomba yaondolewe'. Mjukuu wako atakwenda shule."

Niliandika. Nilikesha nikiandika. Nilitaka Siwema asome, Mungu ni shahidi, na nilitumia ufundi wangu wote kulifikisha jambo hilo bila kulisema. Siku ilipofika nilisoma mbele ya Waziri: "Mheshimiwa, pamoja na mafanikio hayo lukuki, chama kinakabiliwa na changamoto ndogo katika eneo la mawe, na tunakuomba kwa unyenyekevu ulitupie jicho lako la huruma."

Waziri akalitupia jicho lake la huruma. Akazunguka uwanja mzima, mikono nyuma, akitikisa kichwa kwa uchungu. Kisha akamwita msaidizi wake.

"Wananchi hawa wana haki," akasema. "Goli la kusini halina kitu."

Jiwe likaletwa kesho yake.

* * *

Tulikwenda kwenye fainali kwa lori la machimbo. Kocha aliomba tuingie uwanjani mapema, kabla ya watu. Sikuwahi kuona nyasi nyingi kiasi kile mahali pamoja. Wasichana walivua viatu wakazikanyaga wakicheka.

"Tazameni," Kocha akawaambia. "Kuna nini hapa?"

"Hakuna kitu, Kocha."

"Kuna diwani?"

"Hayupo!"

"Kuna Naibu Waziri?"

Hapo walichelewa kidogo kujibu. Basi Kocha akafanya jambo ambalo madaktari walishamkataza. Alikwenda kwenye goli moja, akakimbia hadi goli jingine, moja kwa moja, kwa magoti yale, huku akichechemea na kuuma midomo kwa maumivu. Alipofika alishika nguzo ya goli, akahema, akapaza sauti: "Mmeona? Mnapita tu! Ni kupita tu!" Wasichana wakapiga vigelegele. Nami nilitokwa machozi, na sikujisumbua kuyaficha.

Mgeni rasmi siku hiyo alikuwa Mkubwa mwenyewe, ambaye jina lake nalo linahitaji kibali. Alifika, akapigiwa wimbo, akakaa chini ya feni.

Tulicheza na Upendo wa Ziwani, timu ya mtaa ambao haukuwahi kutembelewa na kiongozi yeyote kwa sababu barabara haipitiki. Uwanja wao ulikuwa mtupu tangu kuumbwa. Walikuwa na msichana mrefu mwenye namba tisa mgongoni ambaye alijua njia moja tu, ya kwenda mbele. Wetu walikuwa na chenga nzuri zaidi, kila mtu aliona. Lakini katikati ya uwanja, mahali pa diwani, hapakukanyagwa na mtu wetu hata mmoja. Mpira ukifika pale waliuzunguka kwa adabu, na namba tisa akapita hapo hapo akafunga. Tukarudisha kwa kona. Ikawa sare ya bao moja kwa moja, dakika zikaenda, na Kocha akawa anachechemea kwenda na kurudi kando ya mstari.

Ndipo Siwema akapata mpira. Akampita wa kwanza, akampita wa pili, mlinda mlango akatoka akateleza akaanguka. Mbele ya mjukuu wangu kulikuwa na nyasi, na mbele ya nyasi kulikuwa na goli tupu, na ndani ya goli lile kulikuwa na bayolojia na kila kitu. Nilisimama. Uwanja mzima ulisimama.

"Nyoosha!" Kocha akapiga kelele. "Siwema, nyoosha!"

Hatua chache mbele ya goli, kiuno chake kikageuka. Alipinda kulia, mzunguko mzuri, mpana, wa heshima, kulipisha jiwe ambalo halikuwapo. Mpira ukamtangulia kushoto, beki akaufikia, akautuma mbele, nao ukapita katikati, pale pasipokanyagwa na watu wetu, mpaka kwa namba tisa. Alifunga akiwa peke yake. Filimbi ya mwisho ikalia wasichana wetu wakiwa bado wamesimama mahali pao, kila mmoja kando ya jiwe lake.

Kisha msaidizi mmoja akamnong'oneza Mkubwa jambo sikioni, na Mkubwa akainuka akaomba kipaza sauti. Macho yake yalilengwa na machozi.

"Ndugu zangu! Wengine mmeona goli lililokoswa. Mimi nimeona raia! Binti yule mbele yake palikuwa wazi, lakini alikumbuka mahali pa Naibu Waziri wake, akampisha! Mbali na nyumbani! Bila mgambo! Bila bango!" Akapangusa macho. "Naagiza, kuanzia leo, kila uwanja wa kila chama cha vijana, nchi nzima, uungwe mkono kama ulivyoungwa wa Pembeni! Mawe mengi yatahitajika, na kokoto zake zitatoka Pembeni! Hiyo ndiyo ajira kwa mabinti wetu!"

Makofi yakaanguka kama mvua. Mikono yangu ilikuwa imeshaanza kupiga nilipomwona Kocha ameketi kwenye nyasi, ameyashika magoti yake.

Njiani, ndani ya lori, Siwema alikaa karibu yangu. Nilimuuliza kama alidhani kuna kitu pale.

"Hapana, babu. Nilijua hakuna. Hata nilipokuwa nakimbia nilijua." Akaitazama miguu yake kana kwamba ni ya mtu mwingine. "Ila yenyewe haikujua."

Miaka yote hii ya maneno, na sikuwa na hata moja la kumpa mtoto.

Ajira ilianza Jumatatu. Wasichana sasa wanaponda mpaka giza linaingia, kwa hiyo jioni hakuna anayekuja uwanjani, na mgambo anayalinda mawe kwa utulivu. Kocha huja akakaa machimboni pamoja nao, anaponda na yeye. Vitabu Siwema amempa mtoto wa jirani.

Lori la kwanza lilipokuja kuchukua kokoto, nilikuwapo kwa ajili ya risala. Siwema alikuwa akipakia kwa karai. Akamuuliza dereva mzigo unakwenda wapi.

"Ziwani," dereva akasema. "Barabara imechongwa juzi. Wanaanza na uwanja wa wale waliowafunga."

Siwema akaliweka karai chini.

"Kule kuna yule namba tisa," akasema. "Yule anayenyoosha."

Mgambo akapuliza filimbi. Siwema akaendelea kusimama, mikono pembeni, akiitazama barabara. Filimbi ikalia tena, na mwili wake ukainama wenyewe, ukalishika karai, ukapakia.